Kabla Hujamcheka Mwenye Kigemu, Angalia Mkononi mwa Mwanao

SEHEMU YA 1: Benchi la kliniki

Leo naandika nikiwa na hasira kidogo, mnivumilie. Ni ndefu, nitaiweka kwa vipande, na anayetaka kunitukana asubiri kwanza nimalize.

Juzi siku ya kliniki alikuja mama mmoja kupima uzito wa mtoto wake mchanga. Akaja pia na kaka wa mtoto, wa miaka minane hivi, maana shule zimefungwa na nyumbani hakuna wa kubaki naye. Yule kijana kakaa mwisho wa benchi, katulia, ana kigemu chake cha mkononi, kile cha kukunja chenye vioo viwili, kimoja juu kimoja chini. Kimechakaa. Weupe wake umeshageuka njano kama meno ya mvuta tumbaku. Mjomba wake alikinunua Kariakoo kikiwa kimeshatumika, akamletea zawadi.

Basi benchi zima likamgeukia mama wa watu. "Unamharibu mtoto." "Hayo magemu yana mashetani." "Ndiyo maana watoto wa siku hizi hawasomi." Mama wa watu akainamisha kichwa, akamnyang'anya mtoto kigemu, akakitia kwenye mkoba. Mtoto akabaki anaangalia sakafu.

Sasa mimi niko pale mezani na kadi zenu, nawatazama. Kwenye benchi hilohilo kulikuwa na watoto watatu ambao hawajafikisha miaka miwili, na kila mmoja kashika simu ya mama yake. Mmoja ana miezi kumi. Hajajua kusema "maji", lakini kidole chake kinajua kusukuma ije video nyingine. Huyo hakuna aliyemsema. Tena kuna aliyesifia: "Huyu atakuwa mjanja huyu!"

Nyani haoni kundule. Ndiyo maana naandika.

SEHEMU YA 2: Niliomba kufundishwa

Jioni nilipita kwao, si mbali na kwangu. Nikamwambia yule kijana, "Nioneshe hicho kitu, na mimi nijue." Akanitazama kama haamini. Akaniambia, "Shikamoo sista. Karibu. Ila hapo juu hapabonyezwi, panabonyezwa chini."

Kinaitwa Nintendo DS. Kampuni ya Nintendo ni ya Japani, ilianza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata. DS ya kwanza iliingia sokoni mwishoni mwa mwaka 2004, Marekani na Japani, na mwaka 2006 ikaja nyembamba zaidi inayoitwa DS Lite. Hiyo ndiyo ya huyu kijana. Familia nzima ya DS iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, kwa hiyo msishangae zikitufikia huku kwetu kwa mlango wa mitumba, kama makoti tunayovaa baridi ya Juni ikikaza.

Kioo cha juu ni cha kutazama tu. Cha chini unakigusa kwa kikalamu kidogo cha plastiki. Gemu lenyewe linakuja kwenye kikadi unachochomeka juu. Kijana alikuwa na vikadi viwili, kimoja cha mbio za magari, kingine cha yule fundi mwenye sharubu anayerukaruka. Nikajaribu mbio za magari nikawa wa mwisho mara tatu. Mtoto alicheka mpaka mama yake akatoka jikoni kuangalia kuna nini.

Nawaambia hivyo ili mjue sisemi kwa kusikia. Nimekishika, nimekicheza, nimekikagua kama ninavyokagua dawa kabla sijampa mtu: kinafanya nini, kinadhuru nani, kwa kiasi gani, kwa umri gani. Hayo ndiyo maswali. "Kina mashetani" siyo swali.

SEHEMU YA 3: Kinachoishinda simu yako

Moja, kinafungwa. Ukikikunja kama kitabu, magemu mengi yanasimama palepale. Ukikifungua yanaendelea pale ulipoishia. Maana yake ukiita "Funga, njoo ule", ile sababu ya "Subiri mama, nitakufa!" haipo tena. Afunge, ale, arudi. Simu haina mfuniko. Video ikiisha nyingine inaanza yenyewe, na nyingine, na nyingine. Hakuna mahali mtoto anafika akaambiwa imetosha. Hata sisi watu wazima tunalala saa saba usiku kwa ajili hiyo, sembuse wa miaka minne?

Mbili, hakuna anayeingia. Huduma ya Nintendo ya kucheza magemu ya DS mtandaoni ilizimwa tarehe 20 Mei 2014. Hiki kizee cha huyu kijana hakina kamera wala hakina TikTok. Viwili vikiwa karibu vinaweza kuwasiliana, basi, ni mtoto wa jirani aliyeko hapo uani. Lakini kwenye simu yako, mgeni yeyote wa nchi yoyote anaweza kumfikia mwanao akiwa amejifunika blanketi kitandani kwako, na wewe uko jikoni unasonga ugali.

Tatu, hakili bando. Hakina matangazo, hakimwambii mtoto "bonyeza hapa ununue". Mama unayelalamika bando linaisha hujui limekwenda wapi, piga hesabu ya wiki moja halafu ugeuze hiyo hela kuwa mayai. Tutarudi kwenye mayai.

Nne, kina mwisho na kina zamu. Umeshinda au umeshindwa, mpe mwenzio. Ila hapa nina neno kwa wazazi: zamu iwe na wasichana pia. Nimeona nyumba ambapo kaka anacheza na dada yake wa umri uleule kabeba mtoto mgongoni na ndoo kichwani. Hapo tatizo siyo kigemu.

SEHEMU YA 4: Sasa ubaya wake, maana mimi sikiuzi

Kwanza, vioo vyake ni vidogo, inchi 3 tu. Mtoto anakivuta mpaka puani. Maelekezo ya kampuni yenyewe yanasema apumzike dakika 10 mpaka 15 kila baada ya saa moja. Mimi kwa wa shule ya msingi nasema nusu saa, halafu nje. Macho ya mtoto yanahitaji kutazama mbali na yanahitaji mwanga wa jua. Watoto wanaokaa nje muda mrefu wana nafuu zaidi ya kutopata tatizo la kutoona mbali. Na sisi Ufipa Mungu katupa uwanda ambao mtu anaona mpaka jicho lichoke. Tusiwafungie ndani.

Pili, vikadi. Ni vidogo kama stempu. Kwa aliye chini ya miaka mitatu hicho ni kitu cha kumkaba koo. Magemu mapya ya Switch, yaliyotoka mwaka 2017, kampuni ilipaka kadi zake kitu kichungu makusudi ili mtoto akitia mdomoni ateme. Hivi vya DS ni vya kabla ya hapo. Kwa hiyo kama nyumbani kuna anayetambaa, kadi zikae juu, kwenye kopo lenye mfuniko.

Tatu, betri. Kitu cha miaka karibu ishirini betri yake imechoka. Ikivimba, usichaji tena, hata siku moja. Na chaja ya DS Lite ni ya kwake, haiingiliani hata na ya DS ya kwanza. Ukiuziwa bila chaja, umeuziwa mzigo. Usikubali fundi akuunganishie nyaya za kubahatisha zikalale chumbani kwa watoto.

Hapohapo kwenye betri: kigemu hiki hakitumii zile betri bapa kama za saa, lakini midoli mingi ya kuimba, rimoti na vigemu vya bei rahisi vinatumia. Hizo zikikwama kooni zinaweza kuunguza nyama ya ndani ndani ya saa mbili. Ukihisi mtoto kameza, usimtapishe, usisubiri kesho itoke yenyewe. Hospitali, sasa hivi.

Nne, angalia bawaba pale kinapokunjia. DS Lite nyingi zinapasuka hapo. Kikunjue na kukikunja mara kumi mbele ya muuzaji. Bonyeza kila kitufe. Gusa kioo cha chini kwenye kona zote nne.

Tano, zipo kadi za mitaani zilizojazwa magemu mamia. Humo kuna ya watoto na kuna ya kuchinjana. Cha mtumba kinakuja bila boksi lake, hivyo ile namba ya umri huioni. Dawa yake ni moja: cheza wewe kwanza.

Sita, hakijui Kiswahili. Magemu yana Kiingereza, Kijapani, Kifaransa na lugha nyingine za huko. Asikudanganye mtu kwamba mtoto "anajifunza". Mengi anabahatisha vitufe.

Na kipo kidogo chake kinaitwa 3DS, cha mwaka 2011, ambacho kioo cha juu kinaonesha picha kama zinatoka nje. Nintendo wenyewe walionya kwamba picha hizo zisitumiwe na watoto wa miaka 6 kushuka chini. Ukikikuta sokoni, jua tofauti.

SEHEMU YA 5: Kifafa siyo jini la gemu

Hii nimeiweka peke yake kwa sababu ndiyo inayoniumiza.

Mama mmoja aliwahi kunisimulia: mtoto alianguka mbele ya skrini, akakakamaa, macho juu, povu. Ukoo ukakaa. Wakasema gemu lina jini, tena limetumwa. Kifaa kikachomwa moto. Mtoto akazungushwa kwa waganga miezi na miezi. Alipofika kwetu alikuwa ameshaanguka mara nyingi, na ana kovu la moto mkononi, kaungulia jikoni.

Mama zangu, mji wetu watu wameutungia hadithi za uchawi kuanzia kwenye jina lake. Tusiwape watoto wetu hadithi hizo badala ya dawa.

Ukweli ni huu. Wapo watoto wachache ambao ubongo wao haustahimili mwanga unaomulika na kuzima harakaharaka. Unaweza kutoka kwenye gemu, kwenye televisheni, hata kwenye taa za ukumbini. Tarehe 16 Desemba 1997 huko Japani, katuni ya Pokémon ilionesha mwanga mwekundu na wa buluu ukipokezana kwa kasi, na watazamaji zaidi ya 600, wengi wao watoto, wakapelekwa hospitali siku hiyohiyo. Hawakuingiliwa na jini. Ni mwanga. Na ndiyo maana onyo la kifafa limeandikwa kwenye kitabu cha maelekezo cha vifaa hivi. Tatizo ni kwamba cha mtumba kitabu hicho kimebaki Ulaya.

Mtoto akianguka: mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, legeza nguo shingoni. Usimtie kijiko mdomoni. Usimnyweshe kitu. Angalia saa. Ikipita dakika tano, au ikijirudia kabla hajazinduka, mkimbize hospitali. Na kama ndiyo mara ya kwanza, mlete hata kama ameshaamka na anacheka. Kifafa kina dawa. Wengi wakizimeza kama walivyoelekezwa wanasoma, wanalima, wanaoa na kuolewa.

Na kama mwanao ana kifafa tayari, muulize daktari kabla hujanunua kigemu chochote. Usinunue kwanza ukauliza baadaye.

SEHEMU YA 6: Yaya wa kioo

Sasa turudi kwenye lile benchi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Aprili 2019. Mtoto chini ya mwaka mmoja: skrini sifuri. Wa mwaka mmoja: haishauriwi kabisa. Wa miaka miwili mpaka minne: isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Hapo hawajachagua simu au gemu au televisheni. Skrini ni skrini. Kwa hiyo yule wa miezi kumi alikuwa amevuka mpaka, na yule wa miaka minane mliyemsema hakuwa amevuka kitu.

Najua mtasema, "Sista, wewe hujui hali yetu." Naijua. Zamani ukienda shamba bibi alibaki uani, shangazi alipita, watoto walicheza kombolela na rede mpaka giza. Siku hizi umepanga chumba, mume yuko safarini, biashara inakungoja, jiko linafuka moshi na mtoto analia. Simu inamnyamazisha kwa sekunde mbili. Na mimi nilifanya hivyohivyo kwa wa mwisho wangu. Nilimpa simu ili nipike. Siku moja chaji ikaisha, akanipiga kofi la usoni, mtoto wa miaka miwili. Nikakaa chini nikajiuliza, hivi ni nani anayemlea huyu?

Kwa hiyo silaumu uchovu wenu. Ninacholaumu ni unafiki: kumtia aibu mwenzio kwa kigemu cha elfu arobaini wakati wa kwako analelewa na simu ya laki tatu.

Na hapa ndipo penye kula. Mkoa wetu wa Rukwa unalima mahindi, maharage, ulezi, una samaki wa maziwa mawili, lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha karibu nusu ya watoto wetu chini ya miaka mitano wamedumaa. Karibu nusu! Sisemi simu ndiyo iliyoleta. Udumavu ulikuwepo kabla ya simu. Nasema hivi: saa ya kula ndiyo saa ambayo mtoto huyo anatakiwa akutazame wewe, akuoneshe ameshiba au bado, wewe umwoneshe maharage, umtajie jina lake, acheke, ateme, umrudishie. Anayelishwa huku katumbua macho kwenye video anafungua mdomo kama sanduku la barua. Hajui amekula nini, na wewe hujui kama ameshiba au amechoka kukataa. Katika mkoa kama wetu, tonge la mtoto halina nafasi ya kupotea hivyo.

Na bando? Nilisema tutarudi kwenye mayai. Tumerudi.

SEHEMU YA 7: Na wale wa "inaongeza akili"

Msidhani nimewasahau wauzaji na akina baba wanaosema kigemu kinaongeza akili. DS ilikuwa na gemu maarufu la mwaka 2005 lililobeba jina la profesa wa Japani, Kawashima, la kufanyia ubongo mazoezi. Lilipendwa sana. Lakini ukifanya mazoezi ya gemu unakuwa hodari wa gemu hilo. Kwamba utafaulu hesabu darasani kwa sababu hiyo, hapo ushahidi ni mwembamba. Huko Marekani mwaka 2016 kampuni ya Lumosity, inayouza magemu ya ubongo, ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya mamlaka ya biashara kuishitaki kwamba iliwahadaa wateja kwa ahadi za aina hiyo.

Gemu ni mchezo. Lisifiwe kama mchezo. Mtoto kucheza siyo kosa, na halihitaji kusingiziwa elimu ndipo liruhusiwe.

Na kwa wale wa "gemu ni ugonjwa": ugonjwa wa kutawaliwa na gemu upo kweli, umo kwenye orodha ya magonjwa ya WHO inayotumika tangu Januari 2022. Lakini haupimwi kwa kumwona mtoto ameshika kigemu kwenye benchi. Unapimwa kwa kushindwa kujizuia, kuliweka gemu mbele ya kila kitu, na kuendelea hata linapomharibia masomo, usingizi na watu wake, kwa kawaida kwa muda wa mwaka mzima. Yule kijana aliambiwa funga, akafunga. Mnyang'anye yule wa miezi kumi simu, halafu mniambie ni yupi aliyepiga kelele.

Basi hukumu yangu ni hii. Kigemu cha vioo viwili, kizee, kisicho na intaneti, kwa mtoto wa shule ya msingi asiye na kifafa, nusu saa, mchana, mezani au uani mbele ya macho yako, baada ya kazi na kabla ya giza: kinafaa. Siyo dawa, siyo sumu. Kwa aliye chini ya miaka mitatu: hapana, wala vikadi vyake visimkaribie. Kitandani: hapana. Kwenye chakula: hapana, na simu vilevile hapana, pamoja na ya baba.

Kama huna hela ya kununua, usihuzunike, hujamnyima mwanao kitu. Mpe kokoto acheze mdako. Mpe dakika kumi zako.

Na wewe mama wa kigemu, najua unasoma. Siku ya kliniki ijayo njoo naye tena. Aje nacho. Akae palepale kwenye benchi. Atakayekusema mwambie aje kwanza mezani kwangu, aniletee na simu aliyompa mwanae.

Mwisho. Sasa nitukaneni.

Nesi wenu, Mollo